Feni ya bafu isiyovuta hewa huzidisha pumu

Si ajabu katika nyumba za ghorofa mijini kupata bafu lisilo na dirisha, ambalo hutegemea feni ya kutoa hewa. Feni hiyo ikilegea, mvuke hubaki ndani na ukungu mweusi huota darini. Ukungu huo huweza kumzidishia mgonjwa wa pumu.

Washa feni, kisha weka kipande cha karatasi ya choo kwenye wavu wake. Kikianguka, haivuti. Zima umeme uisafishe vumbi. Ikishindwa tena, fundi wa umeme aweke nyingine inayotoa angalau lita 15 za hewa kwa sekunde. Hakikisha bomba lake linatokea nje, wala haliishii darini. Baada ya kuoga, iache izunguke dakika 15.