Nani Anakadiria Mzigo wa Shengena?

Maji yanayonywesha mashamba ya kijiji cha Bangalala, Upare Kusini nchini Tanzania, kwenye ukame wa upande wa Makanya, huanzia juu milimani, kwenye ukungu wa Msitu wa Chome. Hushuka kwa mifongo, yaani mifereji, hadi kwenye ndiva, bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima. Jioni tundu la ndiva huzibwa, usiku kucha maji hujaa, na asubuhi huzibuliwa ili mwenye zamu amwagilie. Wanaotumia mfongo mmoja wanajuana, na anayekwepa kazi ya kuusafisha hafichiki.

Haki ni rahisi kuidai pale watu wanapojuana. Nadharia ya siasa za kimataifa inahangaika na hali nyingine: mtu wa Berlin au Tokyo, asiyemwagilia hata tuta moja Upare, ana haki gani juu ya msitu huu, na anadaiwa nini kwa ajili yake?

Kwamba naye unamhusu, sina shaka. Chome ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Chini ya kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, anaishi ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye wanasayansi humwita Zosterops winifredae. Hapatikani popote duniani ila Upare Kusini. Akitoweka hapa, binadamu wote wamempoteza.

Mwaka 1979 Mmarekani Charles Beitz alitoa kitabu kilichoitikisa taaluma hii. Hakuna mtu, alisema, aliyechagua kuzaliwa juu ya kisima cha mafuta au katikati ya jangwa. Utajiri wa ardhi umegawanywa kwa bahati tu, kwa hiyo taifa halina msingi wa kimaadili wa kudai kuwa ulio chini ya miguu yake ni wake peke yake; lazima ugawanywe kwa haki kati ya watu wote. Maskini akisikia hoja hiyo hufurahi, mpaka aigeuze upande wa pili: kama mafuta ya mwingine ni yetu sote, basi na Shengena ni ya wote.

Nchi zilizotoka ukoloni ziliiona hatari hiyo mapema. Tarehe 14 Desemba 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1803, linalotambua mamlaka ya kudumu ya mataifa juu ya maliasili zao. Mwaka 2017 Tanzania iliyaweka mamlaka hayo katika sheria yake. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 ulijaribu kushika kotekote: uhifadhi ni jambo linalowahusu wanadamu wote, lakini viumbe viko chini ya mamlaka ya nchi vilimo.

Mimi naona pande zote mbili zinamruka mtu mmoja. Beitz anazungumza na dunia, azimio linazungumza na taifa, na kijiji kinabaki katikati bila kutajwa. Uchukue mti wa mkulo, wenye mbao zinazonukia kafuri. Wapasuaji waliufuata kwa misumeno ya mkono, mmoja amesimama juu ya gogo, mwenzake shimoni akimwagikiwa na unga wa mbao machoni. Kazi hiyo ilisomesha watoto. Kuizuia ni sawa, nami nasema hivyo bila kusita, kwa sababu bila msitu hakuna ndiva. Lakini gharama ya kuizuia imeangukia nyumba fulani, katika vitongoji fulani, ilhali faida imesambaa mpaka Tokyo.

Upare una historia yake ya mizigo isiyojulikana imepimwaje. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka hadi Same na kupiga kambi mbele ya ofisi za wilaya. Baadaye wanawake wa Usangi nao waliandamana. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameonyesha kwamba hawakuwa watu wanaokwepa kulipa. Kodi ya kichwa walikuwa tayari kuitoa. Walichokataa ni mtu kuketi na kuamua wana mali kiasi gani, kwa kipimo wasichokijua na wasichoweza kukipinga. Hatimaye mbiru ikafutwa.

Dai hilohilo linaufaa msitu. Mfuko wa kuhifadhi Tao la Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2001, ulipata mtaji kutoka Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia Benki ya Dunia, na husaidia vijiji vinavyopakana na misitu kwa miradi ya kipato. Hiyo ni hatua ya kweli. Hata hivyo msaada hutolewa kwa kiasi anachoona mtoaji, na deni hulipwa kwa kiasi kilichohesabiwa mbele ya anayedai. Hata panapotajwa deni, kijiji hakiulizwi: mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko wa hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi. Bodi yake ina wajumbe 26, 12 wa nchi tajiri na 14 wa nchi zinazoendelea. Viti vyote ni vya serikali.