Kompyuta Mpakato ya Chuo: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Wazazi wa Madale, wilayani Kinondoni, wanaowaandaa vijana wao kwa masomo ya chuo wanaweza kupata unafuu kwa kununua kompyuta mpakato zilizokwishatumika, ikiwemo katika maduka ya Kariakoo. Unafuu huo, hata hivyo, hutegemea kichakataji kilichomo ndani, si mng'ao wa nje.

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 kwa sehemu kubwa huhitaji kichakataji cha Intel cha kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi husomeka kwenye namba: i5-8250U ni cha 8, i5-7200U ni cha 7. Stika ya "Core i5" pekee haithibitishi lolote, ingawa ndiyo inayotangulizwa na baadhi ya wauzaji.

RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 zinatosha kwa kazi nyingi za kuandika na kusoma. Wa uhandisi na usanifu majengo waulize chuoni kwanza. Betri ijaribiwe dukani bila umeme kwa angalau nusu saa.

Mnunuzi adai risiti ya EFD, kama sheria inavyoelekeza, na namba ya kifaa iandikwe pamoja na muda wa dhamana.