Siki, Vizibo au Daktari? Hesabu ya Sikio la Muogeleaji

Mililita moja hutoa matone kama 20. Kichupa cha mililita 30 cha matone ya kukaushia masikio, kutoka ng'ambo, kina basi matone 600. Ukitia matano kila sikio kila utokapo majini, kinaisha baada ya mara 60. Sasa nunua siki nyeupe ya asidi 5% na spiriti ya 70% ya duka la dawa, changanya mililita 50 kwa 50. Umepata mara 200, na siki ya kachumbari imebaki.

Kazi ni ile ile: spiriti hukausha maji, siki hurudisha uchachu ambao bakteria hawauwezi. Spiriti ya rangi, ile ya jiko, usiiguse. Na mwenye kiwambo cha sikio kilichotoboka, au ambaye sikio limeshaanza kuuma, asitie mchanganyiko huu kabisa.

Wapiga mbizi wa jeshi la maji la Marekani wanaokaa siku nyingi kwenye chemba za shinikizo hutumia dawa yenye asidi hiyo hiyo ya siki, kwa 2%, na huiacha dakika tano kila sikio. Kudondosha na kuinuka papo hapo, kama tufanyavyo wengi, ni kupoteza dawa.

Cha bure ni kuinamisha kichwa, kuvuta ndewe na kupangusa nje kwa taulo. Vijiti vya pamba ni rahisi dukani tu: husukuma nta ndani na kukwaruza ngozi, na mkwaruzo ndio mlango wa bakteria.

Vizibo vya silikoni vinamfaa anayeogelea juu juu. Anayezamia pweza asivitie, maana mita 10 tu chini shinikizo limeshakuwa maradufu, na kizibo husukumwa kuelekea kiwambo. Vipo vyenye tundu, vya wazamiaji, lakini bado itakubidi ubane pua na kupuliza taratibu unaposhuka. Maumivu ya kushuka ni ya shinikizo. Hakuna tone linaloyatibu.

Sikio likiuma ukiwa nchi kavu, vuta ndewe. Maumivu yakizidi, huenda ugonjwa uko kwenye njia ya nje, yaani sikio la muogeleaji, na hapa ndipo pesa hupotea. Niliwahi kutoka duka la dawa na vidonge vya amoksilini vya wiki nzima. Bakteria aina ya Pseudomonas, anayeongoza kwa kusababisha maradhi haya, hasikii amoksilini hata kidogo. Matone ndiyo yanayofika penyewe. Ya jentamisini yanaweza kudhuru usikivu kiwambo kikiwa kimetoboka. Ya siprofloksasini hayana hatari hiyo. Muuza dawa hawezi kukiona kiwambo chako akiwa nyuma ya kaunta, ndiyo maana ada ya daktari mimi naihesabu ndani ya bei ya dawa. Daktari atasafisha uchafu na, njia ikiwa imevimba, ataweka utambi wa kupitisha matone. Mwenye kisukari aende siku hiyo hiyo, kwani kwake ugonjwa unaweza kuingia mfupani.

Ahueni huonekana siku ya pili au ya tatu, lakini dozi ni ya siku 7 hadi 10, bila kuingia majini. Kwa anayekula kwa pweza, siku hizo ndizo ghali kuliko kichupa chochote.