Umeme Umerudi, Mtandao Haujaamka

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, tangu Novemba hadi Aprili au Mei, na pamoja na mvua huja radi. Wenyeji wa Tukuyu, Mufindi na Kilolo hawahitaji kuelezwa maana yake: umeme hukatika jioni, hurudi usiku wa manane, hukatika tena alfajiri. Zamani hasara yake ilikuwa giza na chakula kilichoharibika. Lakini waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukapitishwa Iringa na Mbeya kuelekea mpaka wa Tunduma. Tangu hapo ofisi, vyuo na hospitali nyingi zimeweka kumbukumbu zao katika kompyuta zinazozungumza kwa mtandao. Umeme ukirudi, kompyuta huwaka. Mtandao, mara nyingine, hauwaki pamoja nayo. Wagonjwa wamepanga foleni dirishani, kioo kinang'aa mbele ya karani, na jalada la mgonjwa halifunguki.

Neno la kwanza litakalosemwa hapo ni kwamba kadi ya mtandao imeungua. Huenda ni kweli, maana radi hupita katika waya na kuunguza kadi. Hata hivyo, kadi iliyoungua na kadi ambayo haikuanzishwa tu hufanana kabisa machoni pa mtu aliyeketi mbele ya mashine. Ile ya kwanza yahitaji kifaa kipya, pengine kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Ya pili yahitaji mstari mmoja wa maandishi. Yafaa basi kujua namna ya kuzitofautisha.

Kompyuta inapowaka, mtandao hauji wenyewe. Kwanza kiini cha mfumo huitambua kadi na kuipatia programu ya kuiendesha. Kisha kadi hupewa jina. Halafu mfumo husoma jalada la maagizo ili ujue kama kadi yenye jina hilo yapaswa kuanzishwa, na mwisho kadi hupewa anwani, ama iliyoandikwa humo humo, ama ya kuombwa kutoka kwa ruta. Hatua yoyote kati ya hizo ikikatika, zinazofuata hazitokei, na mara nyingi mashine haitoi malalamiko yoyote kwenye kioo.

Fundi huanzia nyuma ya mashine, pale waya unapoingia. Taa ndogo iliyopo hapo ikiwaka, kadi na swichi zimesikiana. (Asidanganyike lakini: kadi nyingi huacha taa hiyo ikiwaka hata kompyuta ikiwa imezimwa, ili ziweze kuamshwa kutoka mbali.) Katika mashine zinazotumia Linux amri ya ip link hutoa jibu lililo wazi zaidi. Kadi isipotajwa kabisa, mfumo haukuitambua. Hapo ndipo mashaka ya kuungua yanapokuwa na msingi, au imekosa programu ya kuiendesha. Ikitajwa pamoja na neno NO-CARRIER, kadi imeanzishwa lakini haisikii chochote katika waya: tazama waya, tazama swichi. Ikitajwa bila neno UP ndani ya mabano yake, kadi ipo na imetambuliwa, ila hakuna aliyeiambia ianze. Katika Debian ya kale mstari unaokosekana ni ule wa "auto eth0" katika jalada la /etc/network/interfaces; katika CentOS ni ONBOOT=no palipopasa kuwa yes. Mtu aliiwasha kadi kwa mkono siku ya kwanza, ikafanya kazi miezi sita bila kuzimwa, akasahau. Umeme ulipokatika ndipo sahau hiyo ilipojulikana.

Kwa watumiaji wa Windows ipo dalili nyingine nzuri: anwani inayoanza na 169.254. Mashine hujipa anwani hiyo yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Basi kadi ni nzima. Aliyeombwa ndiye hakujibu.

Na kwa nini hakujibu? Umeme unaporudi, vyombo vyote vya chumba huwaka kwa dakika ile ile, lakini haviko tayari kwa dakika ile ile. Swichi kubwa ya ofisi yaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kufanya kazi. Hata ikiwa tayari, huenda isipitishe ujumbe mara moja, kwa sababu hufuata kanuni iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 ya kuzuia ujumbe usizunguke bila mwisho: katika namna yake ya awali mlango wa swichi husikiliza sekunde 15, hujifunza sekunde 15 nyingine, ndipo hufunguka. Upande wa pili, programu ya dhclient, iliyotumika miaka mingi kuomba anwani, kwa kawaida husubiri sekunde 60, na kama imeagizwa kujaribu mara moja tu, hukata tamaa moja kwa moja. Kompyuta mpya zenye diski isiyozunguka zimelizidisha tatizo hili badala ya kulipunguza, kwa kuwa huwa tayari kabla ya nusu dakika kwisha na kubisha hodi katika nyumba ambayo mwenyewe bado amelala. Kwa seva dawa ni kuipa anwani ya kudumu iliyoandikwa, isiombe kwa yeyote.

Kisa cha jina ndicho kinachowatesa mafundi zaidi, kwani hutokea baada ya kazi kufanyika vizuri. Radi imepiga, kadi imeungua kweli, mpya imewekwa, na bado mtandao hauji. Kila kadi hutoka kiwandani na namba yake ya biti 48. Mifumo mingi ya Linux kabla ya 2013 iliandika namba hiyo katika jalada la 70-persistent-net.rules na kuifungia jina: kadi hii ni eth0. Kadi mpya ina namba nyingine, hivyo huitwa eth1, ilhali maagizo yote yanamngojea eth0 aliyekwisha kufa. Kufuta mstari wa marehemu pamoja na ule wa kadi mpya katika jalada hilo na kuwasha mashine upya mara nyingi hutosha. Tangu systemd toleo la 197, la Januari 2013, jina hutokana na mahali kadi ilipochomekwa, mathalani enp3s0. Kadi mpya katika nafasi ile ile hurithi jina, na huo ni uungwana. Lakini ikihamishiwa nafasi ya jirani jina hubadilika, na fundi wa Chunya hurudi pale pale alipokuwa mwenzake wa miaka kumi na mitano iliyopita.

Kabla ya yote hayo, mkuu wa ofisi aweza kutazama jambo moja bila kumwita fundi. Seva aghalabu huwa imechomekwa katika kisanduku cha betri kiitwacho UPS, kwa kuwa ni ghali na inaonekana. Swichi na ruta, vilivyopigiliwa ukutani juu ya mlango, huwa vimechomekwa katika umeme wa kawaida. Umeme ukikatika kwa dakika mbili tu, seva haizimiki, bali waya wake hufa ghafla, na programu zinazoutegemea huanguka moja moja. Ruta na swichi ndogo hula wati chache mno. Kamba ya kurefushia umeme kutoka kwenye betri ile ile hadi ukutani huvipa vyombo hivyo uhai sawa na wa seva.