Shokola ya kakao yetu, sisi wawili mbele ya mbabula moja

Sisi watu wa Beni tunalima kakao, tunaianika, tunaiuza kwa kilo. Lakini ni wangapi kati yetu wamekwisha kula shokola ya kakao yao wenyewe? Hata sisi wawili, mwalimu na mume wake, hatukuwa tumeionja mpaka siku ya posho iliyopita, tulipoingia mafunzo ya kutengeneza shokola.

Sharti lilikuwa moja: hakuna kuja peke yako, ni bibi na bwana. Sababu tunaifahamu wote. Mama ndiye anayepasua matunda, ndiye anayefunika mbegu kwa majani ya ndizi siku tano mpaka saba zichachuke, ndiye anayekimbia na turubai mvua ikitisha. Siku ya mizani anakwenda baba. Nyumbani mwetu tuligombana kwa jambo hilo hilo mwaka jana: feza ya kakao iliisha kabla ya minervali, na majuma mawili tulisemeshana kupitia watoto tu.

Tulipewa kilo moja ya mbegu kavu. Kuzikaanga ni kazi ya pua kuliko ya macho: makala kidogo, kukoroga bila kupumzika, mpaka zianze kulia paa! paa! na harufu ya siki igeuke harufu ya mkate. Tukamenya, tukapepeta kwa ungo. Halafu kinu. Baba watoto alicheka, akasema kutwanga ni kazi ya wanawake. Baada ya dakika kumi jasho lilimjibu. Hapo ndipo tulipoona ajabu. Karibu nusu ya kiini cha kakao ni mafuta, basi ukitwanga katika kinu kilichopashwa moto, unga unalowa wenyewe, unakuwa uji mweusi unaong'aa bila hata tone la maji.

Na maji ndiyo yaliyotuponza. Tulikuwa tumetia sukari ya kusaga, tunapasha taratibu nusu ya kwanza juu ya sufuria ya maji ya moto. Kijiko kilikuwa kimeoshwa, hakikufutwa. Matone mawili tu, shokola ikagandamana kama udongo. Tukaanza: ni wewe! Hapana, ni wewe! Mwenye kufundisha hakutuamua, aliuliza tu nani aliosha kijiko. Tukanyamaza, maana mmoja alikiosha na mwenzake alikichukua bila kutazama. (Donge lile halikutupwa. Tulilimwagia maziwa ya moto, tukanywa.)

Nusu ya pili, mmoja alishika kipimajoto, mwingine mwiko. Shokola nyeusi hupashwa mpaka nyuzi 45 hivi, hupozwa mpaka karibu 28, kisha hurudishwa 31 au 32. Ukiruka kupoza, haing'ai wala haikatiki kwa mlio, na baadaye inatoa weupe juu. Wengi hudhani ni ukungu. Ni mafuta tu yaliyopanda, inalika.

Tulirudi na vipande 12. Watoto walitema cha kwanza, wamezoea ya dukani yenye sukari nyingi. Cha pili hawakutema.

Usiku ule tulitoa daftari ya zamani ya shule, tukachora safu tatu: kilo, bei, matumizi. Tulibishana mpaka saa nne nani ataitunza. Sasa iko kabatini, na ufunguo unakaa juu ya meza. Siku ya mizani ijayo tunakwenda wawili.