Bustani Isiwe Adhabu
Wahenga walinena: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Katika shule niliyofundisha tulipanda maua mbele ya ofisi. Kuyatunza ndiko kulikotutoa jasho. Kila kiangazi wanafunzi walishika ndoo badala ya vitabu, na aliyechelewa akaadhibiwa kwa kung'oa magugu.

Hatimaye tuliipunguza bustani ile kwa nusu. Tulipanda misubili, ambayo hustahimili ukame, tukatandaza nyasi kavu zisizo na mbegu ili kuhifadhi unyevu na kuzuia magugu. Naam, rangi zilipungua. Lakini saa za kusoma zilirejea.

Walimu wenzangu, mtoto aliyezoeshwa kuliona jembe kuwa adhabu ataipendaje ardhi? Tupande kile tunachoweza kukitunza.