KARATASI YA ECG INASEMA NINI KUHUSU MOYO WAKO?



Mama mmoja wa kwetu niliyempima moyo hapa Uingereza aliona zile waya akaniuliza: "Mwanangu, hiyo shoti haitaniua?" Nikamjibu: "Hapana mama, mashine haikutii umeme. Inasoma tu umeme mdogo wa moyo wako mwenyewe." Nimeona nieleze kwa faida ya wengi.

Utawekewa vibandiko 10: 6 kifuani na 4 mikononi na miguuni. Haviumi. Lala utulie, usiongee. Akina mama, mnaweza kuomba mpimwe na mwanamke.

MISTARI ILE NI NINI?
Kila pigo huacha alama tatu. Kilima kidogo cha kwanza (P) ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo. Ncha ndefu (QRS) ni wa vyumba vya chini, vinavyosukuma damu mwilini. Kilima cha mwisho (T) ni vyumba vya chini vikijiandaa kwa pigo jingine.

KASI YA MOYO
Hesabu miraba mikubwa kati ya ncha ndefu moja na inayofuata, halafu gawa 300 kwa idadi hiyo. Ikiwa miraba 4, moyo unapiga mara 75 kwa dakika. Kawaida ya mtu mzima aliyepumzika ni 60 hadi 100. Hesabu hii inafaa pale ncha zinapopishana sawasawa. Zisipolingana, mwulize daktari sababu. Kuna ugonjwa ambao vyumba vya juu hutetemeka badala ya kupiga, damu ikaganda na kuleta kiharusi.

MUHIMU KULIKO YOTE
ECG ya kawaida ni picha ya sekunde 10 tu. Inaweza kutoka safi na mtu ana shambulio la moyo. Ndiyo maana hospitali huirudia na kupima damu. Kwa hiyo kifua kikibana, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, jasho likakutoka, usiseme "juzi nilipimwa nikaambiwa niko sawa". Piga simu hapo hapo: 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman. Usijiendeshe gari mwenyewe.

Mwisho, omba nakala ya ECG yako uitunze, na ukisafiri kwenda nyumbani uibebe. Daktari akiilinganisha na mpya, ataona kilichobadilika.